Pakiti Yangu ya Kufufua Mashine

Nyinyi mnaofanya kazi pale karakana sasa mmeniomba niwaandikie vile kazi ilikuwa. Nimekubali, lakini msingoje niwasifu. Mimi nilitoka shule darasa la nne. Kiswahili nimekiokota sokoni na kanisani, na maneno ya kompyuta nimeyajulia kazini. Mahali nitakosea, nyamazeni.

Jina langu ni Syombua, lakini hapo karakana, katika mji wa Machakos, mliniita Susu, yaani nyanya, hata wale ambao nyanya zao ni wadogo kwangu.

Niliingia kama mtu wa kufagia. Mwenye karakana alikuwa Mwalimu Kioko, ambaye hajawahi kufundisha shule yoyote. Aliitwa Mwalimu kwa sababu hangekupa kitu mkononi kabla hajakieleza. Tulikuwa tunapokea kompyuta ambazo maofisi ya Nairobi yamezichoka. Tunazisafisha, tunaziwekea mfumo wa bure, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua aone umeshonwa vipi na aurekebishe, halafu tunazipeleka kwa shule na zahanati za huku kwetu.

Siku ya kwanza niliona sanduku la kompyuta limejaa vumbi, nikainama nikaanza kulipuliza na mdomo. Mwalimu alinishika bega. Akaniambia mate na mashine havipatani, akanipa brashi ya kupaka rangi, ya inchi mbili, ambayo haikuwa imewahi kuona rangi. Hicho ndicho kilikuwa chombo changu cha kwanza cha kazi. Na mkisafisha feni, ishikeni na kidole isizunguke. Nimesema hii mara mia na bado nasikia feni zikizunguka.

Sasa, Mwalimu alikuwa na desturi moja ambayo nyinyi mmeikuta, lakini hamjui ilinipata vipi. Kila baada ya miezi mitatu alichukua mashine moja nzima, haina shida yoyote, akaiua. Alifuta diski mpaka ikabaki tupu kama ghala kabla ya mvua ya Novemba. Kisha mtu mmoja alipewa flashi, bakapu, yaani nakala ya mafaili ya mashine, na karatasi ya maelezo, akaambiwa airudishe mashine kama ilivyokuwa. Mwalimu alisema bakapu ambayo haijawahi kurudishwa ni porojo tu. Na huyo mtu wa kuirudisha hakutakiwa kuwa fundi. Mafundi walikuwa wanaruka hatua. Karatasi inasema bonyeza hapa, wao wanabonyeza hapa na pale, kwa sababu vidole vyao vinajua, halafu wanasema karatasi iko sawa.

Siku moja alinikuta nimesimama na mopu nikiwatazama.

"Mama Syombua, unajua kusoma?"

"Kusoma najua. Kuelewa sijui."

"Basi ni wewe nimekuwa nikitafuta."

Nikakaa. Hatua ya sita ilisema chagua diski. Diski zilikuwa mbili. Karatasi haikusema ni gani, kwa hivyo nikaweka mikono kwa mapaja nikangoja. Mafundi walicheka. Mwalimu hakucheka, alichukua kalamu akarekebisha karatasi. Siku hiyo nilisimama mara tisa, na mara tisa zote karatasi ndiyo ilikuwa na makosa. Kutoka hapo kila mashine ikiuawa, mimi ndiye wa kuifufua. Niliambiwa nina kipaji cha kutojua. Nilifurahi, maana hakuna mtu alikuwa ameniambia nina kipaji cha kitu chochote.

Lakini mtu akikaa karibu na moto miaka mingi, hata kama hataki, anapata joto. Nilianza kuelewa. Kile chombo tulichokuwa tunatumia kufufulia mashine, programu ya kwenye flashi, kilitengenezwa na watu wa mbali ambao sijawaona. Kazi yake ni kuchora ramani ya mashine ikiwa bado nzima: diski imegawanywa vipi, kitu gani kinakaa wapi, mashine inaamka kwa njia gani. Mashine ikifa, unaweka diski mpya, unachomeka flashi, na chombo kinaijenga upya kwa ile ramani, halafu kinarudisha mafaili kutoka kwa bakapu. Shida ni kwamba wale watu walikitengeneza kwa mashine zao. Ili kiingie vizuri kwa mfumo wetu kilihitaji kufungwa kwa pakiti. Mtu wa pakiti ndiye anasema chombo hiki kinahitaji programu gani nyingine ndio kifanye kazi, faili zake zikae wapi, na mfumo ukibadilika anairekebisha. Mwalimu alikuwa na kazi nyingi. Akaniambia pakiti niishike mimi.

Ilinichukua miezi. Nilikuwa nikiandika herufi moja moja, na Mwalimu akinikalisha chini kila Ijumaa tukisoma pamoja kile kimekataa. Pakiti ya kwanza niliyofunga ilifanya kazi kwa mashine yangu bila shida, nikajiona. Tulipoipeleka shule moja ya Masii, ilianguka hata kabla haijaanza. Nilikuwa nimesahau kutaja programu moja inayohitajika, kwa sababu kwangu ilikuwepo tayari. Ni kama kumfundisha mtu kupika muthokoi na usimwambie kwanza mahindi yanatwangwa yatoke maganda, eti kwa sababu kwako kinu kiko hapo nje siku zote. Kuanzia hapo sikufunga pakiti tena kwa mashine yangu. Nilikuwa nachukua mashine tupu kabisa, isiyo na kitu cha mtu, naifunga pakiti hapo. Hilo msiliache.

Kwa kila pakiti kuna faili ndogo, na ndani yake kuna laini, yaani mstari wa maandishi, inayosema mtunzaji ni nani. Siku Mwalimu alipoandika hapo Syombua, nilienda nyumbani nikakaa kwa kiti bila kuvua viatu. Jina langu halikuwa limeandikwa mahali pengine isipokuwa kwa kitambulisho na kitabu cha ubatizo.

Halafu kukaja mashine ya Kithyoko.

Zahanati ya Kithyoko ilikuwa na seva nzee, ile kompyuta ya kutunza rekodi zao zote, ambayo diski zake zilishikwa na kadi fulani ya zamani. Flashi yetu ikiamka pale haikuona diski kabisa. Mwalimu alikuwa amesafiri, nikapambana nayo siku tatu peke yangu. Mwishowe nilijua. Kulikuwa na draiva moja, ile programu ndogo ya kuongea na kadi, ambayo chombo hakikuwa kinaibeba. Ukiongeza laini moja tu kwa mpangilio kabla ya kutengeneza flashi, diski inaonekana. Laini moja. Nikaiongeza kwa mkono, diski ikaonekana, nikasema nitaiingiza kwa pakiti wiki ijayo, ndio kila flashi iwe nayo.

Wiki ijayo ndiyo Mutheu alikuja.

Mutheu ni msichana wa kutoka Masii, amesoma chuo kikuu, na mnamjua kwa sababu sasa ndiye mkubwa wenu. Alikuja na adabu. Alinisalimia kwa mikono miwili. Alisoma pakiti yangu siku moja, kesho yake akaniuliza kama anaweza kunionyesha kitu. Kile kilichokuwa kinanichukua siku mbili kila mfumo ukibadilika, alikuwa amekiandikia maagizo kijiendeshe chenyewe. Aliongea na wale watu wa mbali kwa kompyuta, kwa Kizungu, wakicheka pamoja. Mwalimu alisimama nyuma ya kiti chake akisema, "Aisee, Mutheu." Mimi alikuwa ananiambia "Vizuri, Susu," kwa sauti ya kumwambia mtoto amemaliza uji.

Nitasema vile ilikuwa. Nilimwonea wivu. Si ule wivu mdogo wa kutamani kiatu cha mtu. Ulinikaa kooni kama kapi la muthokoi ambao haukupepetwa. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake, kwa vile hakuhitaji kusoma laini mara mbili, kwa vile Ijumaa yangu na Mwalimu ikawa Ijumaa yetu watatu, halafu ikawa wao wanaongea na mimi naleta chai. Hakuna mtu aliniambia nilete chai. Nilienda mwenyewe nisikae nikisikiliza.

Na ile laini ya Kithyoko sikuiingiza.

Mara ya kwanza nilisema ni kusahau. Kisha tukaenda Kithyoko kukagua ile seva, Mutheu akachomeka flashi aliyoitengeneza yeye, na haikuona diski. Nikatoa yangu, nikachomeka, ikaona. Sista Ndunge, yule muuguzi anayesimamia zahanati, akasema wacha mzee aitwe mzee. Mwalimu akasema, "Susu ako na mkono." Hiyo sentensi nililala nayo wiki nzima. Baada ya hapo hata mngenifunga kamba nisingeiingiza.

Mutheu aliniuliza. "Susu, wewe hufanyanga nini tofauti?"

"Nafuata karatasi," nikasema.

Akaniomba flashi yangu aiangalie. Nikamwambia nimeshaifuta nikaweka nyimbo za kwaya. Na ni kweli, niliifuta, na niliweka nyimbo za kwaya, ndio nisiwe mwongo. Alihangaika na ile mashine kwa muda mrefu, akabadilisha flashi za kila aina, akadhani ni shimo la kuchomekea limechoka. Mwishowe ikakubaliwa kwamba mashine ya Kithyoko inamtaka Susu, kama ng'ombe asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine. Kila tulipoenda nilitengeneza flashi mwenyewe, nikimpa kila mtu mgongo.

Miaka mitatu ilienda hivyo. Magoti yakakataa ngazi, macho yakakataa skrini, nikasema inatosha. Wiki ya mwisho Mutheu alikaa na mimi kupokea kazi. Laini ya mtunzaji tayari ilikuwa na majina mawili, lake likiwa la kwanza, na Mwalimu alisema ni kwa sababu ya herufi. M kabla ya S. Mutheu aliandika kila kitu nilichosema kwa kitabu. Akafika mwisho akaniuliza, "Kuna kitu ingine, Susu? Hata kidogo?"

Nikamwangalia machoni nikamwambia hakuna.

Nilikuwa nimeacha flashi moja kwa droo ya Sista Ndunge, kwa hivyo nilijiambia hakuna mtu nimemkosea.

Miezi minne baadaye nilikuwa uani nikipukuchua mbaazi, simu ikalia. Alikuwa Mutheu, akiwa Kithyoko tangu asubuhi. Diski ya seva imekufa. Bakapu anayo, diski mpya ameweka, lakini flashi yake haioni diski, na ile yangu ya kwa droo, mtu aliifuta akaweka video ya harusi. Nyuma yake nilisikia watoto wakilia. Ilikuwa siku ya kliniki, na rekodi za chanjo zote ziko ndani ya hiyo mashine.

"Susu, tafadhali. Ulikuwa unafanya nini na hii mashine?"

Ile laini ni fupi kuliko mstari mmoja wa wimbo. Ningeisema hapo hapo, yeye aandike, na nirudi kwa mbaazi zangu. Nataka muelewe kwamba nilijua hivyo wakati huo huo, si baadaye.

"Ngoja," nikasema. "Nakuja."

"Ni mbali, Susu. Niambie tu, nitaandika."

"Nimesema nakuja."

Nilioga. Nilivaa rinda la kanisa. Kutoka kwangu mpaka Kithyoko si hapa na pale, na nilipofika ilikuwa saa nane. Akina mama walikuwa wameketi kwa benchi na wengine chini, kivuli kimeshawahama. Sista Ndunge alinipokea bila ile furaha niliyokuja nimeitayarishia uso. Aliniambia kuna mama wa mapacha, wa kutoka upande wa mto, vitabu vya watoto vililowa maji na haijulikani wameshadungwa sindano gani. Alingoja mpaka saa saba, akabeba watoto akaenda.

"Amesema atarudi," Sista akasema. "Mimi sijui kama atarudi. Ni masaa matatu kwa miguu, na mmoja wao alikuwa ameanza kukohoa."

Nikaingia ndani. Mutheu aliinuka kwa kiti bila kuambiwa. Nilikaa, na kwa mara ya kwanza sikumpa mgongo, kwa sababu ile habari ya mapacha ilikuwa imenitoa nguvu ya kujificha. Niliandika laini. Nilitengeneza flashi. Nikachomeka, mashine ikaamka, diski ikaonekana, chombo kikaanza kujenga. Baada ya saa moja na kitu majina ya watoto yalikuwa kwa skrini. Akina mama wa nje wakapiga makofi kidogo, wale waliokuwa na nguvu. Nilikuwa nimeyangojea hayo makofi njia nzima. Yalinipita.

Mutheu hakupiga. Alikuwa anaangalia ile laini.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo."

"Laini moja, Susu. Miaka yote hiyo." Hakupandisha sauti. "Na ungekufa jana?"

Kwetu mtoto hamwambii mtu mzima hivyo. Mkono wangu ulitaka kuinuka, na mdomo ulitaka kusema nimezaa watu wakubwa kuliko wewe. Lakini benchi ya akina mama ilionekana kutoka pale nilipokaa.

"Nilikuwa na wivu na wewe," nikamwambia.

Nilidhani atalia, au atanitukana. Akavuta kiti kingine akakaa kando yangu. "Mimi nilikuwa nadhani ni mimi sijui kazi," akasema. "Nilikaribia kuacha kazi juu ya hii mashine."

Hilo ndilo lilinikata. Mimi nilikuwa nimehesabu kile alichoninyima tu.

Mapacha walipatikana. Sista alimtuma mhudumu wa afya wa kijijini akaenda nyumba kwa nyumba, wakaletwa wiki iliyofuata, yule wa kukohoa akatibiwa. Lakini wiki ni wiki, na mimi ndiye niliyemwongezea yule mama hizo siku, kwa sababu ya kuoga na rinda.

Mutheu aliingiza laini kwa pakiti pale pale Kithyoko, mimi nikiangalia. Pakiti ikibadilishwa lazima uandike umebadilisha nini na kwa nini. Alitaka kuandika kwamba draiva imeongezwa kwa msaada wa Susu. Nikakataa. Nikamwambia aandike ukweli: mtunzaji wa kwanza aliijua laini hii miaka mitatu na akaificha kwa wivu.

"Siwezi andika hivyo juu ya mtu mzima," akasema. "Itasomwa na dunia yote."

"Ndiyo maana."

"Susu, hapana." Akaandika tu kwamba draiva ya kadi za zamani imeongezwa, akafunga. Kwa hivyo yale aliyokataa kuandika, nimeyaandika hapa kwa mkono wangu. Yasomeni mara mbili, halafu kila mmoja wenu afikirie ni kitu gani anakijua peke yake hapo karakana na kwa nini. Nilimwambia pia atoe jina langu kwa laini ya mtunzaji. Hilo alikubali, na sitaki kuwadanganya kwamba haikuuma. Nikisikia Mwalimu akisema "Aisee, Mutheu," bado chai inanipotezea ladha. Umri haukuuondoa huo wivu.

Mwezi uliopita Mutheu alikuja kunisalimia. Alikaa kwa kiti cha nje, akaweka mkoba chini, na niliona kuna kitu. Ile mashine ya Kithyoko imekufa tena, akasema. Nikauliza alienda lini kuirudisha.

Hakwenda. Sista Ndunge alichukua pakiti mpya, akatengeneza flashi mwenyewe, akafuata karatasi hatua kwa hatua, na kliniki ikaanza saa mbili kama kawaida. Mutheu alijua baada ya siku tisa, alipopiga simu kuuliza habari nyingine kabisa.

"Nimefurahi," akasema. "Kweli nimefurahi. Ndiyo kazi yenyewe." Akazungusha kikombe. "Lakini Susu, si hata angepiga simu?"

Nilimwangalia uso, nikaujua, maana niliwahi kuuvaa. Nikainuka nikamwongezea chai.